Seti ya Jaffar

Mdogo wangu Jaffar ana miaka hamsini na sita, na katika umri wote huo sijawahi kumsikia akisema "sijui". Muulize njia ya mahali asipowahi kukanyaga, atakuelekeza. Muulize dawa ya ugonjwa asiowahi kuusikia, atakutajia na kipimo. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akicheka na kusema kwamba huyu mtoto kazaliwa ameshahitimu. Mimi sikucheka wakati ule na sicheki sasa, maana mama alikwenda zake akaniachia mimi kuishi naye.

Ana duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, kule ambako kila mtu anajenga na hakuna anayemaliza. Anauza vigae, masinki, koki na bawaba za milango. Baba yetu alikuwa na duka kama hilo Mtoni, dogo, la misumari na rangi, na alikuwa mtu wa maneno machache. Jaffar alirithi duka, uchache wa maneno akauacha hukohuko Mtoni. Mteja akishika koki akauliza kama ni imara, Jaffar hamwambii ni imara, anamwapia. Wallahi hii haivuji. Wallahi bei hii nakupa wewe tu. Wallahi mzigo kama huu hauji tena mpaka mwakani. Nimekaa nyuma ya kaunta ile nikamsikia akilitaja jina la Mungu kwenye masinki mara nyingi kuliko anavyolitaja msikitini. Nilimwambia kwamba kiapo si gundi ya kubandikia bei. Akanijibu kuwa mie sijui biashara, kwamba wateja wenyewe wanaelewa ni mazungumzo tu. Labda wanaelewa. Lakini mtu akishazoea kuapa kwa ajili ya koki, ataapa kwa ajili ya chochote.

Ana mtoto mmoja, Mazin, kijana mzuri wa sura na wa tabia, aliyesomea uhandisi akarudi kumsaidia baba yake kuuza vigae. Nje ya duka Mazin ni mtu, ana marafiki, anacheka, anacheza mpira. Mbele ya baba yake hana sauti. Nyumbani kwetu mtoto hamsahihishi baba mbele za watu, na hilo ni adabu njema, siibezi. Ninachobeza ni Jaffar kuitumia adabu hiyo kama kochi la kulalia. Kila akikosea anamgeukia Mazin, "au vipi, mwanangu?" na Mazin anaitikia.

Mama yake Mazin alifariki mwanawe akiwa bado sekondari, kwa hiyo ulipofika wakati wa kuoa, mambo ya posa yaliniangukia mimi, shangazi mtu. Msichana alijulikana. Ni Arwa, binti wa Bwana Abdulhadi wa Mikocheni, muuza spea za magari. Binti ni mfamasia, ana heshima, ana akili, na Mazin alikuwa akimpenda tangu harusi ya binamu yake, mapenzi ya kukaa na simu mkononi akisubiri iite. Aliniambia mwenyewe: "Shangazi, nikimkosa huyu, msinitafutie mwingine." Basi tulikwenda, tukapokelewa, tukala, tukasema tulichoendea. Abdulhadi akasema amesikia, jibu tutalipata. Kisha akamgeukia Jaffar akamwalika yeye na Mazin waje Jumamosi kucheza padeli, ule mchezo mpya wa raketi. Upande wa pili wangekuwa yeye na binti yake.

Wakati wa kuagana mama yake Arwa, Bi Maisa, alinishika mkono mlangoni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba zamani mumewe alikuwa akituma watu kuuliza majirani habari za wachumba, lakini majirani wa siku hizi hawajuani hata majina. Sasa anamwalika mtu uwanjani. Akasema saa moja ya mchezo inamtosha kuijua nyumba ya watu. Nilimwelewa, na usiku huohuo nikamweleza mdogo wangu kama unavyomweleza mtoto wa chekechea: Jaffar, wanakupima. Ukifungwa, furahi. Ukikosea, sema umekosea. Usiende kubishana.

Jaffar akasema, "Dada, mie najua watu. Mtu hampi binti yake mtu anayeshindwa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake alinunua raketi, kaptula nyeupe ambayo mtu wa umri wake na tumbo lake hapaswi kuivaa mbele ya wakwe, na utepe wa kufunga kichwani. Halafu akaenda kwenye uwanja wa Mikocheni kupata somo moja kwa mwalimu wa pale, kijana anayeitwa Gaspar. Mazin alikuwepo, naye ndiye aliyenisimulia jinsi ilivyokuwa.

Padeli yenyewe si elimu ya kumtesa mtu. Mnacheza wanne, wawili kila upande, na katikati kuna wavu. Uwanja umezungushiwa vioo na waya, umesimama kwenye kiwanja kilichokuwa ghala la magunia. Raketi yake haina nyuzi, ni ubao mnene wenye matundu. Ukianzisha, unaudundisha mpira chini, kisha unaupiga usawa wa kiuno au chini ya hapo, uende mshazari uangukie kwenye boksi la upande wa pili. Ukikosea unapewa nafasi nyingine, ukikosea tena pointi ni ya wenzako. Mpira ukija kwenu unaruhusiwa kudunda mara moja tu. Na jambo kuu, ambalo Gaspar alilirudia mpaka Mazin akaona aibu kwa niaba ya baba yake, ni hili: mpira uguse chini kwanza ndipo uguse kioo. Ukigusa chini ukaenda kwenye kioo, bado uko hai, unaruhusiwa kuungoja urudi uupige. Ukigonga kioo cha wenzako moja kwa moja kabla ya kugusa chini, ni auti, aliyepiga amepoteza.

Jaffar aliyasikia hayo yote kama mtu anayesikiliza tangazo la vocha. Alianzisha mpira kutoka juu ya kichwa, kwa nguvu, kama anayepigilia msumari ukutani. Gaspar akamwambia, "Mzee wangu, chini ya kiuno." Jaffar akamjibu kwamba hiyo ni kwa wanawake na watoto. Alipoambiwa pointi zinahesabiwa kumi na tano, thelathini, arobaini, akasema hesabu hiyo ina makosa, baada ya thelathini ni arobaini na tano, na kwamba aliyeitunga hakusoma. Kijana wa watu alikuwa na subira. Mwisho wa somo alimwambia jambo la mwisho, kwamba kwenye mechi za kirafiki hakuna mwamuzi. Mpira uliodondoka upande wenu, ninyi ndio wa kusema ulikuwa ndani au nje, na wenzenu watawaamini. Mkiwa na shaka, mnaurudia. Hilo ndilo pekee ambalo Jaffar alilielewa mara moja.

Jumamosi tulifika mapema. Mimi na Bi Maisa tulikaa kwenye benchi nje ya kioo, na chupa ya kahawa katikati yetu. Abdulhadi alikuja na goti lililofungwa bandeji, anachechemea kidogo, anatabasamu. Arwa alivaa suruali ndefu pana, fulana ya mikono mirefu na mtandio uliofungwa vizuri. Akamwamkia Jaffar, "Shikamoo, ami," kwa adabu zote. Jaffar aliitikia, kisha akamnong'oneza Mazin, lakini mnong'ono wa Jaffar unasikika mpaka barabarani, kwamba wampelekee mipira yote yule msichana.

Wakampelekea. Arwa aliirudisha yote. Alikuwa hakimbii ovyo. Aliuacha mpira upite, ugonge kioo cha nyuma yake, urudi taratibu, ndipo aupige pale alipotaka. Bi Maisa alinieleza kwamba hiyo ndiyo siri ya mchezo, kuuamini ukuta. Jaffar hakuwahi kuungoja ukuta hata mara moja. Kila mpira aliufukuza, akaukosa, akageuka kumtazama Mazin kama kwamba Mazin ndiye aliyeukosa.

Hata hivyo hawakuwa wakifungwa. Mazin anaucheza mchezo huo vizuri, na goti la Abdulhadi lilimbakisha sehemu moja. Na pale ambapo uwezo wa Mazin haukufika, ulimi wa baba yake ulifika. Mpira ulidunda mara mbili miguuni mwake, akasema ni mara moja. Baadaye alikwenda mbele kupiga, tumbo likaegemea wavu, wavu ukatikisika mpaka mwisho wa uwanja. Ukigusa wavu umepoteza pointi, hata Bi Maisa aliyeketi na kikombe anajua. Jaffar akasema ni upepo. Palikuwa na vioo pande zote, upepo uliingilia wapi Mungu anajua. Abdulhadi alicheka, akasema haya, pointi yenu. Pointi iliyofuata Jaffar alibisha tena, Abdulhadi akampa tena, lakini hakucheka. Nilimtazama yule mwanamume akiacha kucheka. Nikampigia Jaffar ishara kwenye kioo. Akanipungia mkono kwa furaha, akidhani nashangilia.

Hivyo ndivyo ilivyofika gemu tano kwa nne, Jaffar na mwanawe wakiwa mbele, na kwenye gemu hiyo arobaini kwa thelathini. Pointi moja zaidi ingewapa gemu ya sita, na seti nzima ilikuwa yao. Mazin alianzisha. Abdulhadi akarudisha, Mazin akapiga, kisha Arwa akauinua mpira juu, polepole, ukapita juu ya utepe wa kichwani wa mdogo wangu na kwenda pembeni kabisa ya nyuma. Mimi miwani yangu ni ya kusomea, ya mbali naona sawasawa. Uliangukia chini, kiganja kimoja kutoka kwenye kioo. Ukagusa kioo, ukarudi ndani kwa upole, mpira wa kungojwa na kupigwa na mtu yeyote mwenye subira. Mazin alikuwa hatua mbili kutoka hapo, amegeuka, anautazama. Angeweza kuupiga, lakini Jaffar alishapiga kelele "uache", naye akauacha.

"Auti," akasema Jaffar. "Umegonga kioo kwanza."

Abdulhadi alikuja mpaka kwenye wavu akichechemea. Alisema kwa upole kwamba huenda hawakuuona vizuri, waurudie tu, hakuna ubaya. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupita ng'ombe. Kuurudia ni kanuni, si aibu kwa yeyote, na Jaffar angerudia, angepata au angekosa, na jioni ile tungekuwa tunazungumza tarehe ya harusi.

"Turudie nini?" akasema. "Mie nimeuona. Wallahi kioo kwanza."

Bi Maisa aliweka kikombe chini. Watu wa pwani tunaapa sana, najua, ulimi umezoea, lakini kuna mahali na mahali. Dukani mteja anakusikia kama anavyosikia feni. Mbele ya mtu uliyemwendea kwa posa, mtu atakayekukabidhi mwanawe kwa neno la Mungu huyohuyo, kiapo ni kiapo. Abdulhadi alimtazama Jaffar, halafu akatazama chini, kama mtu aliyeona kitu ambacho hakutaka kukiona.

Arwa ndiye aliyesogea. Hakumtazama Jaffar kabisa. "Mazin," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa karibu. Mpira umegusa wapi kwanza?"

Nilimwona mtoto wangu akifuta uso kwa mkono wa fulana, muda mrefu kuliko jasho lililokuwepo. Alimtazama Arwa. Akamtazama baba yake, na baba yake akamwambia yale maneno yake, "au vipi, mwanangu?"

"Baba ameshaapa," akasema Mazin.

Arwa akatikisa kichwa kukubali. "Basi seti ni yenu." Akanyoosha raketi juu ya wavu, ikagusana na ya Jaffar, ikagusana na ya Mazin, kama wanavyofanya wakimaliza. Kisha akaenda kuchukua mkoba wake. Jaffar alitoka uwanjani akiwa ametunisha kifua, akaniuliza kama nimeona. Nilimwambia nimeona.

Jibu lilikuja baada ya siku chache, na lilikuja kwa mdomo wa Bi Maisa kwenye simu, kwa lugha nzuri kama ya watu wa kwao. Alisema wametuheshimu, wametuombea, ila nasibu haipo. Mtu anapokwambia nasibu haipo humuulizi sababu, ndiyo maana watu wameliweka neno hilo. Jaffar nilipompelekea habari alikuwa anampimia mteja vigae. Hakuacha kupima. Akasema alijua tangu siku ile, wale watu hawawezi kuvumilia kufungwa, na Abdulhadi ana roho ndogo. Akamweleza na mteja, pale pale, mechi nzima, akaongeza gemu ambazo hazikuwepo. Nimemvumilia mdogo wangu mengi, lakini siku ile nilimdharau kwa ukamilifu, bila kubakisha kitu, na moyo wangu ukapumzika kidogo.

Mazin alikuwa palepale anafungasha boksi. Jioni alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni.

"Shangazi," akasema, "uligusa chini kwanza. Niliuona."

Nilimwambia asinieleze mimi. Mimi siye niliyeposwa. Aliinama, na nilimwonea huruma, lakini dharau yangu kwa baba yake ilikuwa bado ya moto na kidogo ilimrukia yeye. Mtu wa miaka ishirini na tisa, aliyekwambia asitafutiwe mwingine, anaulizwa swali moja la mpira na mwanamke anayempenda, anajibu kwa mdomo wa baba yake. Nikamuuliza kama yuko tayari kuyasema hayo Mikocheni. Akasema yuko tayari.

Tukaenda Ijumaa baada ya alasiri, bila Jaffar. Si kawaida kurudi nyumba iliyokwisha kukukatalia, na mtu mzima wa umri wangu anajisikia kama mwombaji, lakini Bi Maisa alitufungulia kwa heshima na kutukaribisha ndani. Abdulhadi alikuwa sebuleni. Arwa aliitwa, akaja, akakaa karibu na mama yake. Mazin hakuzungukazunguka. Alisema mpira uligusa chini kwanza, pointi ilikuwa yao, na siku ile alinyamaza kwa sababu alishindwa kumwumbua baba yake mbele ya watu. Alisema anaomba radhi. Aliyasema vizuri, kwa sauti yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akilitamka neno "baba" bila kuogopa. Nikaanza kutumaini, mjinga mimi.

Abdulhadi akasema Mungu amlipe kwa kusema kweli. Kisha akamwachia binti yake.

"Nilijua," akasema Arwa. "Nilikuwa nimeshauona. Sikukuuliza ili nijue mpira umegusa wapi."

Hakusema kwa ukali. Mazin aliitikia kwa kichwa, akatazama zulia. Tukaletewa kahawa na halua, tukala kama inavyopasa, tukaulizana habari za wagonjwa na za wasafiri, tukaaga. Njia nzima mpaka Tegeta, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo ilikuwa imesimama, yule kijana alishika usukani kwa mikono miwili, akitazama gari la mbele.

Jaffar alikuwa sebuleni, amenyoosha miguu mbele ya televisheni. Mtu alikuwa amemwambia tulikokwenda. Hakuuliza mwanawe yukoje. Hakuuliza kama kuna matumaini. Alituangalia tunaingia, akaniuliza jambo moja tu, kama Abdulhadi amekubali kwamba ile seti ilikuwa yetu.

Mazin alikuwa amesimama nyuma yangu, funguo za gari bado mkononi. Nikamwambia Jaffar ndiyo, wamekubali, seti ni yako. Akamshukuru Mungu, akaongeza sauti ya televisheni.